Sisimizi wa Manjano na Jina Lisilo Lake

Mwaka huu tulialikwa chakula cha mchana, sisi tuliowahi kufanya kazi katika idara ile ya wadudu, kwenye mkahawa ulio juu ya ghorofa moja ya Kilimani, mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba za chini zenye paa la vigae na miti mirefu ya mukinduri. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua ni nani bado yu hai. Tulipomaliza pilau, Dakta Gathogo, aliyekuwa mkubwa wetu na ambaye sasa ni mzee wa mkongojo, aligonga gilasi kwa kijiko, akasimama, akaanza kusimulia habari za sisimizi. "Sisi katika idara," alisema, "tulijua tangu mwanzo kwamba yule wa manjano ni aina ya peke yake. Nilikuwa na wasichana wangu wawili wa kuchambua, mmoja ni huyu Nafula hapa. Walinisaidia sana." Watu wakapiga makofi. Nikasema pale pale nilipoketi, "Daktari, yule mwingine alikuwa na jina." Akasema, "Bila shaka, bila shaka." Nikamwambia, "Basi litaje." Alicheka kidogo kama mtu anayemvumilia mtoto, kisha akamgeukia mhudumu: "Hebu tuletewe chai." Chai ikaletwa. Jina halikutajwa. Na kwa kuwa mezani pale hakuna aliyetaka kusikia zaidi, nitasimulia hapa.

Jina lake ni Muthoni. Mwaka ule wa kwanza wa kazi tulikuwa wasichana tuliotoka chuo kikuu na shahada zetu za zuolojia, tukaajiriwa siku ile ile kwa mkataba, tukapewa meza moja yenye hadubini mbili. Chumba kilikuwa katika jengo la zamani la katikati ya mji, orofa ya juu, na dirisha letu lilitazama ukuta wa jengo jingine, kwa hiyo taa iliwashwa tangu asubuhi. Kulikuwa na makabati ya mbao yaliyofika darini, na kila droo ukiivuta ilikutolea harufu ya dawa ya nondo iliyotufuata hadi kwenye nywele. Upande wa pili wa ukuta wa plaiwudi ilikuwa ofisi ya Daktari. Plaiwudi haizuii kitu. Tulimsikia akipiga simu, akikoroga chai, akimsomea karani barua. Na nadhani hakuwahi kufikiri kwamba sisi upande huu tulikuwa na masikio, kama vile mtu asivyofikiri kwamba kabati lina masikio.

Kazi tuliyopewa ilikuwa ya sisimizi mmoja mdogo, mdogo kiasi kwamba ukimweka juu ya punje ya mchele atapata nafasi ya kugeuka. Vitabu vya zamani vilisema huyu ni aina moja yenye namna tatu: mweusi, mwekundu na wa manjano. Waliosema hivyo walikuwa wanaume wa Ulaya waliotumiwa wadudu wakiwa wamekufa, ndani ya chupa, wakawatazama, wakawagawa kwa rangi kama mtu anayegawa shanga. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona akitembea. Sisi tulitakiwa kufungua droo zote zenye sisimizi huyo, tuwapange sisimizi katika makundi hayo matatu, tuandike vibandiko vipya, basi. Wiki ya kwanza nilipanga tu, nikishukuru kwamba nina kazi mjini. Muthoni alipanga huku akigunaguna. Siku moja alisukuma droo mbali akaniuliza, "Nafula, umeona malkia hata mmoja humu?" Nikasema sijaona. "Basi tunajuaje kama mweusi na mwekundu si watoto wa mama mmoja? Ni kama kupanga watu wa mtaa kwa rangi ya sweta halafu useme hawa ni ukoo."

Alikwenda kumweleza Daktari. Nilisikia mazungumzo yote kupitia plaiwudi. Alisema tunahitaji kuchukua viota vizima, pamoja na malkia na mayai, tuvifuge, tuone nani anazaa nani. Daktari alimsikiliza, nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni, kisha akasema, "Muthoni, hapa tunachambua. Hatufugi. Ukitaka kufuga, kuna kuku." Alirudi, akaketi, akafuta lenzi ya hadubini kwa upindo wa koti lake jeupe. "Nyumbani kwetu kuna nafasi," akasema.

Kwao kulikuwa Uthiru. Mama yake alikuwa na ploti ya vyumba vya kukodisha, safu mbili za mabati zikitazamana, mfereji mmoja katikati, na mimi nilikuwa mpangaji katika chumba cha mwisho, kile kilichopakana na zizi la ng'ombe. Humo ndimo tulimofugia. Tuliazima chupa za jamu, tukamimina plasta chini ili unyevu usipotee, tukazifunika kwa kitambaa, tukaziweka juu ya rafu ambayo kila mguu wake ulisimama ndani ya mkebe wa maji, maana sisimizi akitoroka atapata njia yoyote isipokuwa ile ya kuogelea. Nililala chumba kimoja na viota hivyo. Asubuhi kabla ya kunawa uso nilikuwa nawapa tone la maji ya sukari na kipande cha yai la kuchemsha. Mama yake Muthoni alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni, khanga imefungwa juu ya sweta. "Ngai! Watu wote hapa wananunua dawa ya kuua hii kitu, na nyinyi mnaipea mayai? Mayai yangu?" Muthoni akasema, "Mami, ni kazi ya ofisi." "Ofisi gani inaweka kazi yake kwa nyumba ya mpangaji?" Mama huyo hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini hilo ndilo swali lililostahili kuulizwa kule ofisini.

Jumamosi tulitoka kutafuta viota. Weusi hawakuwa shida, walikuwa kila mahali, hata chini ya mawe ya mfereji. Wa manjano ndio waliotutembeza. Hawakai ardhini. Wanakaa ndani ya vijiti vikavu vilivyo wazi katikati, juu ya mti, na lazima ukivunje kijiti polepole huku umekishikilia juu ya sinia nyeupe. Tuliwapata Jamhuri, katika miti iliyo nyuma ya uwanja wa maonyesho, na tuliwapata Kilimani, kwenye nyumba moja yenye ua wa miiba ya kaiyaba. Mlinzi wa pale alitutazama tukivunjavunja vijiti, akashindwa kunyamaza. "Madada, hizo kuni hazitoshi hata kupasha chai." Nikamwambia tunatafuta sisimizi. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Bungoma, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Mzazi amekusomesha kutoka Bungoma hadi hapa, ukuje kutafuta sisimizi? Si hata kwetu wako tele?" Tulicheka hadi tukaketi chini. Kabla hatujaondoka alitushikia tawi la juu tulilokuwa tumeshindwa kulifikia.

Kufikia msimu wa mvua ndefu tulikuwa tumeona kwa macho yetu. Katika chupa za weusi, watoto waliotoka kwenye maganda yao walikuwa wa manjano, laini, wanang'aa kama chai ya maziwa iliyopigwa na jua. Baada ya siku chache waligeuka wekundu. Baadaye wakawa weusi kama mama yao. Kumbe yule mwekundu wa vitabuni hakuwa namna yoyote. Alikuwa kijana. Wazungu wale walimpa jina lake la pekee mdudu ambaye kosa lake lilikuwa kutokomaa. Lakini wale wa manjano wa mitini walizaliwa manjano, wakazeeka manjano, wakafa manjano. Kiuno chao, ukikitazama kwa ubavu, kina ncha kali mahali ambapo cha weusi ni mviringo, na madume wao wenye mabawa walikuwa tofauti kabisa. Nakumbuka Muthoni alivyonyanyua kichwa kutoka kwenye hadubini, alama za lenzi zikiwa zimemzunguka macho. "Si namna tatu," akasema. "Ni aina mbili. Na mmoja wao hajawahi kupewa jina na mtu yeyote." Jioni ile mama yake alitupikia mukimo na nyama, tukala kwenye ngazi ya chumba changu, na Muthoni hakuweza kumaliza sahani kwa sababu alikuwa akieleza kwa mikono yote miwili.

Aliandika ripoti. Aliweka jina lake na langu, ingawa wazo la kazi hiyo lilikuwa lake na nilimwambia hivyo. Daktari aliipokea akasema, "Nitaipitia." Miezi ikapita. Kisha akaja mgeni, profesa mzee kutoka Ulaya aliyemfundisha Daktari zamani na ambaye alikuwa karibu kustaafu. Kwa siku kadhaa harufu ya tumbaku yake ilipenya plaiwudi, na mazungumzo yao pia. Nilikuwa nimeshika kibanio na sisimizi mkononi nilipomsikia mgeni akiuliza, kwa Kiingereza chao cha taratibu, ni nani aliyefanya kazi hii ya kufuga, maana ni nzuri mno. Tulitazamana na Muthoni. Daktari akajibu bila kusita, "Ni idara. Tuna wasichana wa kuchambua, lakini wazo ni la idara." Mgeni akasema, "Safi sana." Kisha wakaanza kuzungumza habari ya gofu. Nilitaka kuupiga teke ukuta ule mpaka uanguke, wote wawili watuone tumeketi pale na makoti yetu meupe. Muthoni alinishika kifundo cha mkono. "Utamwangusha mdudu," akanong'ona.

Lililofuata ndilo linalonikasirisha zaidi, kwa sababu hata wizi una ufundi wake, na huyu hakuwa hata na ufundi. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba aina mpya inapopewa jina, jina hilo hufungwa kwa mdudu mmoja tu. Anachaguliwa, anaitwa kielelezo, anahifadhiwa, na dunia nzima ikitaka kujua jina hilo ni la nani, inakwenda kumtazama yeye. Daktari aliingia chumbani kwetu kuchagua kielelezo. Juu ya meza kulikuwa na trei mbili. Katika moja kulikuwa na sisimizi wa manjano wa Jamhuri. Katika nyingine Muthoni alikuwa amewapanga watoto wa weusi kwa umri, kutoka yule wa manjano aliyetoka kwenye ganda juzi hadi mweusi aliyekomaa. Daktari aliinama, akazunguka, akamchagua aliyeng'aa kuliko wote. Alimtoa kwenye trei ya pili. Muthoni akasimama. "Daktari, samahani. Huyo ni mtoto wa mweusi, bado hajaiva. Wa kweli ni hawa hapa." Alisema kwa heshima, kama mtu anavyomwambia mzee kwamba ameketi juu ya kofia yake. Daktari hakumtazama. "Mimi nimewasoma wadudu hawa kabla hujavaa viatu." Muthoni akasema tena, "Tafadhali, tazama kiuno chake tu." Na Daktari, aliyekuwa na hadubini mbili mbele yake, kiasi cha kuinama mara moja tu, akatoka na yule mdudu ndani ya kisanduku kidogo, akafunga mlango.

Makala ilitoka mwishoni mwa mwaka. Ilikuwa na majina mawili, la Daktari na la profesa mwingine rafiki yake. Sisimizi wa manjano alipewa jina la yule mgeni, kama zawadi ya kustaafu. Sentensi nzima nzima zilikuwa za Muthoni, hata zile koma zake za ajabu. Sisi hatukuwemo popote. Na kielelezo kilichochorwa kwa ustadi ukurasa wa tatu, kila nywele mahali pake, kiuno kikiwa mviringo kama yai, kilikuwa mtoto wa sisimizi mweusi wa kawaida. Muthoni aliisoma akiwa amesimama kando ya kabati. Nilidhani atalia. Alicheka, lakini kicheko kile sikutaka kukisikia mara ya pili. "Wamempa mzee wa watu mdudu asiyekuwepo," akasema.

Aliwaandikia wahariri wa jarida lile, barua fupi na ya adabu, akieleza kosa la kielelezo tu. Hakudai chochote juu ya jina lake. Nami nilitia sahihi chini kama shahidi, na ningeitia tena leo. Wahariri wakafanya kile wanachofanya wakubwa wakiletewa malalamiko na wadogo: waliirudisha barua kwa Daktari ili atoe maoni. Alituita ofisini kwake. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kuketi upande ule wa plaiwudi. Alikuwa ameitandaza barua mbele yake. "Mmekwenda kunishtaki kwa wazungu?" akauliza. Hakuwa akipiga kelele, na nadhani alikuwa ameumia kwelikweli, ndiyo maana sikumwelewa na hadi leo simwelewi. Muthoni akasema, "Tulikuja kwako kwanza, Daktari. Mara mbili." "Mnajua nilihangaika vipi ili Mwafrika akae kwenye kiti hiki?" Muthoni akamtazama. "Na sisi ni nani?" Nje, mtu alikuwa akiburuta kabati. Halafu Daktari akasema mikataba yetu ilikuwa inaisha na idara haina nafasi tena, na kwamba tunaweza kuacha makoti kwa karani.

Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyoisha. Chupa tulizifungua wenyewe kule Uthiru, weusi tukawaachilia kando ya mfereji, na wale wa manjano tukawarudisha Jamhuri na vijiti vyao, tukavifunga kwa uzi kwenye matawi. Mimi nilipata kazi katika kampuni ya bima, nikakaa humo mpaka nikastaafu. Muthoni aliomba nafasi katika kila taasisi yenye kabati la wadudu nchini, na kila mahali walipiga simu moja kwa Daktari, kisha wakasema watamjulisha. Akawa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari ya wasichana. Wanafunzi wake wanampenda, wengine sasa ni madaktari, na watu huniambia, "Unaona? Mungu hakumwacha." Kufundisha ni kazi ya heshima, lakini mtu akifungiwa mlango wa nyumba yake akaenda kulala vizuri kwa jirani, hilo halimfanyi aliyemfungia kuwa mfadhili.

Mwaka juzi Muthoni alinipigia. Kuna mtafiti kijana, Dakta Atieno, aliyekuwa anapitia upya jamii nzima ya sisimizi hao, akaenda hadi huko Ulaya kilikohifadhiwa kielelezo, akakiweka chini ya hadubini, akatazama kiuno. Baadaye alichimba mafaili ya jarida, akaipata ile barua, akaanza kutafuta walioiandika. Alikuja Uthiru siku ya Jumapili, sisi wawili tukamngoja sebuleni kwa Muthoni, kwa chai na viazi vitamu. Alikuwa msichana wa haraka haraka, miwani mikubwa, simu ikilia kila dakika. "Mwalimu, mlikuwa sawa kabisa," alisema kabla hata ya kuketi. "Lile jina limekufa. Huyo waliyemchagua ni mweusi wa kawaida. Yule wa manjano bado hana jina, na mimi nataka nimpe lako. Nimeshaamua." Nilipiga makofi. Machozi yalinilenga. Nilimgeukia Muthoni nikidhani nitaona furaha, nikaona ameweka kikombe chini na uso umekauka.

"Asante, mwanangu," akasema. "Lakini mimi si mdudu."

Atieno akaduwaa. "Mwalimu, ni heshima tu."

"Najua. Hata yule mgeni alipewa heshima hiyo, na hakuwahi kuvunja kijiti kimoja. Anayeitwa ni mdudu. Anayeita ni mtu. Mimi nataka kuita."

Nilimwona Atieno akielewa, taratibu, na simu yake ikalia mara mbili bila yeye kuipokea. Kwa wasiojua, jina la kila mnyama katika vitabu vyetu hufuatwa na jina la aliyelitoa, na hayo mawili huandikwa pamoja daima. Atieno angeweza kukataa. Alikuwa amesafiri, alikuwa na maabara na vipimo vyake vya vinasaba, na kazi yake ilihitaji jina lake litangulie. Alinywa chai yake yote kwanza. "Basi tuandike pamoja sisi watatu," akasema. "Wewe wa kwanza. Lakini utakuja kuchagua kielelezo mwenyewe."

Makala ilitoka. Wahariri walitaka kutuma nakala kwa Dakta Gathogo kama heshima kwa mzee, Atieno akakubali, na nadhani ndiyo maana kwenye ile karamu ya mwaka huu mzee alikuwa na hotuba tayari. Siku ilipotoka nilikwenda Uthiru na keki. Muthoni alikuwa amefungua ukurasa kwenye kompyuta ya mjukuu wake, lile jina jipya la sisimizi likifuatwa na jina lake, kisha la Atieno, kisha langu, ambalo bado naona halikustahili kuwapo. Nilimkumbatia, nikamwambia haki imetendeka hatimaye. Alinipa kisu nikate keki. Kisha nikamwuliza kama amefurahi, kwa sababu sikuweza kumsoma usoni.

"Nimefurahi," akasema. "Lakini unajua, Nafula, mimi sikuwa natafuta jina. Nilikuwa nataka kazi. Jina ningeliokota njiani." Alitelezesha ukurasa juu, akatelezesha chini. "Kwenye makabati yale kulikuwa na droo ngapi ambazo hatukuzifungua?"

Nilianza kuhesabu kichwani, kabati kwa kabati, kutoka mlangoni hadi dirishani, nikaona hasira inanipanda upya kama ya siku ile ya kwanza. Nikaacha kuhesabu. Yeye alikuwa bado ananingoja nijibu.